Kuandika filamu ya baharini kwa bajeti ndogo: chombo kimoja, watu watatu, usiku mmoja

Filamu nyingi za baharini hufia mezani, kamera haijatoka hata kwenye begi. Mwandishi anaandika "Dhoruba inalipiga jahazi usiku kucha" kwa sekunde tano, kisha prodyuza anahangaika miezi mitano kutafuta mtu wa kumlipia mstari huo. Bahari ya bei nafuu ipo, ila inaandikwa kinyume na mazoea: unaanza na chombo, maji na saa, halafu hadithi inafuata.

Mfano tutakaoutumia ni filamu ya magendo ya karafuu kutoka Pemba kwenda Shimoni, upande wa Kenya. Ni jambo la kweli la pwani yetu. Kwa miaka mingi mnunuzi halali wa karafuu Zanzibar amekuwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na bei ya ng'ambo ikizidi, kuna watakaopakia usiku. Kwa mwandishi asiye na hela, hadithi hii ina kila kitu: giza, watu wachache, mzigo unaoharibika ukilowa, na sababu ya kunyamaza.

Hatua ya 1: Pata chombo kabla ya hadithi

Usiandike "jahazi" halafu uanze kulitafuta. Nenda bandarini au pwani ya wavuvi, tazama kilichopo, ongea na nahodha, ujue kama yuko tayari kukaa nawe wiki mbili. Ngalawa inapendeza kwa mbali, lakini ndani hakuna pa kuweka kamera wala pa kumkwepa mwenzako. Jahazi kubwa lina nafasi ila gharama yake ni ya kampuni. Mashua ya mita 8 hadi 10 ndiyo saizi ya filamu ndogo: waigizaji watatu, nahodha halisi aliyejificha nyuma ya magunia, mpiga kamera, msaidizi wake, mtu wa sauti na mwongozaji. Hao ni wanane. Ukiongeza wa tisa, kila pembe ya kamera itakuwa na mguu wa mtu.

Ukishaiona mashua, ichore. Omo (mbele), tezi (nyuma), mlingoti, foromali (boriti inayobeba tanga), mahali demani (kamba ya kuongozea tanga) inapofungwa, ngama (chini kabisa ndani ya chombo) inapokusanyika maji, nani anaweza kulala wapi. Pima kwa hatua. Mchoro huo ubandike juu ya meza unapoandikia, kwa sababu ndiyo seti yako nzima. Mtu aliyeko omo hawezi kunong'onezana na aliyeko tezi; mlingoti na tanga vinawatenganisha. Hiyo ni siri bila kujenga ukuta. Mzigo ukiwa katikati, wa mbele hamwoni wa nyuma anachofanya. Matukio matatu ya skripti yanaweza kuzaliwa na mchoro huo peke yake.

Hatua ya 2: Acha maji yaandike mgogoro

Hapa ndipo waandishi wengi wanapoiacha mali mlangoni. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Unguja na Pemba inakaribia mita 4. Maji mafu yakifika, tofauti hushuka mpaka karibu mita 1. Na bamvua lina saa zake: katika visiwa hivi maji hujaa kwenye saa kumi au kumi na moja, jioni na alfajiri, na hupwa kwenye saa nne au tano, asubuhi na usiku. Kila mvuvi anajua hilo.

Sasa mpe mfanya magendo tatizo lake. Anataka usiku usio na mwezi, na usiku usio na mwezi ni bamvua. Giza linalomficha ndilo linalokausha hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, alilofichia mashua. Piga hesabu: maji yamejaa saa kumi na nusu jioni. Giza la kutosha linaingia kwenye saa moja. Lakini kufika saa moja na nusu nusu ya maji imeshaondoka, na mashua iliyopakia haipiti tena kwenye mikoko. Ana nusu saa tu.

Akiikosa? Maji yanapwa mpaka karibu saa tano kasorobo, kisha yanarudi. Mashua itaelea tena kwenye saa nane kasorobo usiku. Kutoka Wete hadi Shimoni ni kama kilomita 60. Kwa mwendo wa noti 5, ambazo ni kilomita 9 na kidogo kwa saa, ni safari ya saa sita na nusu. Aliyetoka saa moja na robo anafika kwenye saa nane kasorobo, watu wamelala. Aliyetoka saa nane kasorobo anafika saa mbili na robo asubuhi, jua liko juu na kila mtu pwani anamwona. Nusu saa ya uzembe imegeuza safari ya siri kuwa ya hadharani, na hujaandika bado bunduki wala ngumi.

Jifunze pia mwendo wa kupwa wenyewe, maana mabaharia wana kanuni nzuri. Gawa maji yote mafungu 12. Saa ya kwanza linaondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 4, saa ya tatu na ya nne kila moja inaondoa mita nzima. Aliyesimama majini mpaka kifuani, saa moja baadaye yuko magotini. Kwenye hadithi hiyo ni kasi ya hofu. Kwenye upigaji picha ni balaa: sini (onyesho) ya mazungumzo iliyoanza na maji ya kiunoni haiwezi kumalizwa baada ya chakula. Kwa hiyo sini yoyote ya ndani ya maji iandike isizidi kurasa moja na nusu, na uipange saa ya kwanza au ya mwisho, maji yanapotulia.

Upepo na mkondo navyo vina tabia. Kusi huvuma kati ya Aprili au Mei na Septemba hadi Oktoba, kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, na kwenye kusi unakuwa na nguvu zaidi. Mashua yako ikivunjika foromali mwezi wa Julai katikati ya mlangobahari wa Pemba, haitarudi Tanga. Itasukumwa upande wa Mombasa na Kilifi. Kwa noti 2 tu, saa sita zinaipeleka kilomita 22. Na mtu asiseme "tutie nanga tusubiri": maji kati ya Pemba na bara yanafika kina cha kama mita 800, hakuna kamba ya mashua inayofika chini. Kati ya Unguja na bara ni makumi ya mita tu, hapo nanga inaingia. Mtazamaji wa Mkoani au Vanga akikuta umekosea hapo, anacheka, na hatakuamini tena.

Hatua ya 3: Watu watatu, na mmoja asiyeonekana

Wahusika wawili wanagombana wakimaliza wananyamaza. Watatu wana uwezo wa kuungana wawili dhidi ya mmoja, na muungano huo kubadilika kila baada ya kurasa kumi. Wanne wanakula nafasi. Kwa mfano wetu: Mzee Faki, mwenye mashua, Kombo, mpwa wake, na Bi Asha, mwenye mzigo, ambaye hajawahi kuvuka kwa mashua. Huyu wa tatu ana kazi ya siri: ndiye anayeuliza maswali ya mtazamaji. Ila mruhusu aulize mara mbili tatu tu, la sivyo filamu inageuka darasa.

Asiyeonekana ni doria. Usiandike boti yenye askari sita. Andika taa moja kali inayofagia maji na mngurumo wa mashine unaokaribia kisha kuzimwa. Taa hiyo inashikwa na mtu mmoja kwenye boti yenu ya usalama. Mngurumo unaongezwa studio. Sare za vikosi zina sheria zake na zinahitaji ruhusa, na taa inayotafuta inatisha kuliko uso wa askari.

Hatua ya 4: Gawa sini zote katika madaraja manne

Hii ndiyo hesabu inayookoa filamu. Skripti ya kurasa 80 ni takriban dakika 80. Ifanye hivi, daraja la kwanza hadi la nne:

- Horini na pwani, miguu chini: kurasa 25.
- Chombo kimepwelewa (kimeachwa na maji) au kimesimamishwa mchangani kwa magadi, yaani miti ya kukiegemeza: kurasa 30.
- Chombo kiko nangani, maji ya kina kifupi: kurasa 18.
- Chombo kinatembea kwa tanga: kurasa 7.

Nchi kavu timu ndogo inaweza kumaliza kurasa tano kwa siku bila kuuana. Nangani ni mbili hadi tatu. Chombo kikiwa mwendoni, furahi ukipata moja. Kwa hiyo ukurasa uliohamishwa kutoka daraja la nne kwenda la pili unaokoa karibu siku nzima ya mafuta, chakula na posho.

Daraja la pili linahitaji maelezo, kwa kuwa wengi hawaamini kuwa linafanya kazi. Mashua iko mchangani, imeshikiliwa na magadi pande zote mbili. Kamera iko chini, inatazama juu, nyuma ya mwigizaji kuna anga tupu au giza. Upeo wa bahari hauonekani kabisa. Chombo hakitikiswi: kinachotikiswa ni kandili. Lifunge kwenye foromali kwa uzi, mtu alivute taratibu, vivuli vitatembea usoni na macho ya mtazamaji yatajaza mawimbi. Mpiga kamera anahamisha uzito mguu hadi mguu. Waigizaji wasiyumbe wenyewe. Kila mmoja atayumba kwa mwendo wake na itaonekana kama ngoma. Mwagieni sakafu maji kila shoti, kwa sababu mbao za baharini hazikauki usiku.

Ili hilo liwezekane, mwandishi lazima alilipie kwenye karatasi. Mazungumzo marefu, ugomvi, maungamo, kuhesabu fedha, kufunga jeraha: vyote viandike usiku, watu wameketi, macho yako ndani ya chombo. Mwigizaji akielekeza kidole "Tazama kule!" umeshamlazimisha mwongozaji aonyeshe kule. Mwache asikie badala ya kuona.

Daraja la tatu lina mtego wa kitaalamu. Chombo chenye nanga moja huzunguka kila upepo na mkondo unapobadilika, na nyuma ya mwigizaji minazi inaingia polepole. Tieni nanga mbili, omo na tezi. Kamera ikiwa mita moja juu ya maji, upeo wa macho uko kama kilomita tatu na nusu, lakini minazi ya pwani inaonekana mbali zaidi ya hapo. Chagueni upande mmoja ulio bahari tupu na sini zote za nangani ziandikwe zikiangalia upande huo. Tanga liwe limeshushwa au limekunjwa, kwani tanga lililojaa upepo litang'oa nanga. Hivyo nangani andika subira: upepo umekata, wanasikiliza, wanagawana maji ya kunywa.

Kurasa saba za mwendoni ziwe kazi tupu, bila maneno, na uzijue. Chombo cha tanga la pembetatu hakigeuzwi kwa ghafla. Kupindua kunataka chombo kipishe upepo kwa nyuma, foromali ihamishwe upande wa pili wa mlingoti, mmoja akiwa usukanini na wengine kwenye kamba. Ukiandika "Faki anageuza mashua haraka," nahodha wako atakuuliza kwa mikono mingapi. Ukiandika kwamba ni lazima Bi Asha ashike demani kwa sababu mikono haitoshi, umepata tukio na umepata na mhusika.

Hatua ya 5: Nusu ukurasa ulioandikwa vizuri

NJE. HORINI, KANDO YA MIKOKO – USIKU

*Maji yako magotini. Kombo ameegemeza bega kwenye ubavu wa mashua, anasukuma. Mashua haisogei.*

KOMBO: Mjomba, tumepwelewa.

*Mzee Faki hajibu. Anachomeka pondo, mti wa kusukumia chombo, kwenye matope, analichomoa, anapapasa alama ya maji kwa kidole gumba.*

MZEE FAKI: Teremsha magunia mawili.

KOMBO: Ya nani?

*Bi Asha, juu ya mzigo, anaweka kiganja kwenye gunia lililo karibu naye.*

MZEE FAKI: Mwanangu, teremsha.

Ni nusu ukurasa, daraja la kwanza, taa moja. Zaidi ya neno moja la Kombo, hakuna aliyeeleza maji yanapwa, pondo limesema. Swali la "ya nani" ndilo litakalowavuruga mpaka mwisho wa filamu. Tazama pia kwamba mzee hapandishi sauti: "mwanangu" pale ni amri, na mpwa anaijua. Lahaja ya Kipemba usiibuni. Andika Kiswahili cha kawaida, kisha mpe Mpemba asome kwa sauti arekebishe mwenyewe, mstari kwa mstari.

Hatua ya 6: Sauti

Upepo ukipiga tanga, maikrofoni haisikii kitu kingine. Minong'ono ndiyo ya kwanza kupotea, nayo filamu ya magendo imejaa minong'ono. Basi kauli za baharini zisizidi mistari miwili, na zisiwe na jina au tarakimu ambayo hadithi inaitegemea. Habari muhimu iseme ungali horini. Jioni ileile waigizaji warudie maneno yao yote ufukweni, nyuma ya ukuta, maikrofoni ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni. Kusubiri mwezi mmoja ndipo urekodi upya ni kosa, pumzi huwa si ile tena.

Mashine iandikiwe sababu ya kuzimwa. Kwetu ni rahisi: wanaogopa doria, wanakwenda kwa tanga.

Hatua ya 7: Futa

Papa, futa. Chombo kuwaka moto, futa. Mvua usiku wa bahari wazi, futa, kamera yako haitasamehe. Ukungu mzito pia, wala si wa pwani hii. Dhoruba iandike kabla na baada: upepo unakata ghafla, joto, tanga linalegea, Faki anaanza kufunga vitu bila kusema, kisha alfajiri, foromali imevunjika, magunia yamelowa, mmoja wao haongei. Katikati weka giza la sekunde kumi lenye sauti tupu.

Kuzama kwa chombo kuna jambo jingine zaidi ya gharama. MV Bukoba ilizama Mei 1996, Spice Islander Septemba 2011, Skagit Julai 2012. Waliofiwa ndio watazamaji wako. Kama hadithi haikulazimishi, usiwazamishe watu kwa ajili ya kusisimua.

Hatua ya 8: Mwendelezo uanzie kwenye skripti

Kila kichwa cha sini kiwe na vitu vitatu zaidi ya mahali na wakati: hali ya maji, nguo zimelowa au kavu, na idadi ya magunia. Mzigo ukianza na magunia 20, mawili yakabaki horini na manne yakatupwa, sini inayofuata ina 14, na mtu wa vifaa asikisie. Kila mhusika ana nguo seti tatu zinazofanana, kwa hiyo usimvike kitenge cha nadra kisichopatikana tena dukani. Magunia yajazwe makumbi ya nazi, juu tu ndiyo karafuu au makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, ambayo ni rahisi zaidi. Gunia la makumbi ni jepesi, na mwigizaji akilinyanyua kwa mkono mmoja mchezo umekwisha. Tia ndoo ya mchanga chini.

Usiku wa bahari mpana, ule wa shoti mbili tatu za mbali, upigwe mchana: jua liwe nyuma ya chombo, mwanga upunguzwe stopu mbili (vipimo viwili vya mwanga kwenye kamera), anga liwe dogo kwenye fremu. Kwa hiyo shoti hizo ziandike kandili likiwa limezimwa, kwani mchana mwali wake hauonekani.

Hatua ya 9: Vibali na usalama vinabadilisha kurasa

Bara unaanzia Bodi ya Filamu Tanzania, Zanzibar kwenye baraza linalosimamia sanaa, ukaguzi wa filamu na utamaduni, BASSFU, na Kenya kwenye bodi ya kuainisha filamu. Wote watataka kusoma muhtasari au skripti, hivyo iwe tayari mapema. Droni ina kibali chake cha mamlaka ya usafiri wa anga. Kama huna uhakika wa kukipata, usiweke shoti ya juu ambayo hadithi haiwezi kuishi bila yake. Eneo likiwa ndani ya hifadhi ya bahari, kama Mafia, kuna ruhusa nyingine. Na kwa hadithi hii hasa, KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, kiwe na barua yenu na saa zenu za usiku. Mashua isiyo na taa, imejaa magunia, inatoka mikokoni saa moja usiku: wao hawatajua kuwa ni sinema.

Boti ya pili yenye mashine iwepo kila siku ya maji, na jaketi okozi kwa kila kichwa. Mwandishi anachangia kwa mavazi: shati pana au kanzu inaficha jaketi jembamba la kujazwa upepo. Asiyejua kuogelea asiandikiwe kuingia zaidi ya kiuno, hata kama alisema anajua siku ya usaili.

Hatua ya 10: Msomee nahodha

Rasimu ya tatu isome kwa sauti mbele ya nahodha mwenyewe, ndani ya mashua ikiwa mchangani, waigizaji wakikaa mahali ulipowaandika. Usimuulize kama ni nzuri. Muulize wapi angefanya tofauti na Faki. Atakusimamisha pengine mara kumi, nane kati ya hizo ukurasa utakuwa mfupi na bora. Kisha chukua jedwali la maji la mwezi wa kupigia picha, na pembeni ya kila sini ya daraja la kwanza hadi la tatu andika kwa penseli tarehe na saa ambazo maji yatakuwa pale ulipoyaandika. Sini isiyopata hata saa moja katika mwezi mzima, irudishe mezani.